Kibali cha Taa ya Hoteli

Valentina mwanangu,

Uji wa babu yako umo jikoni. Nimekwenda bomani.

Asubuhi karani alikuja kusema kibali cha kutundika kibao chenye taa kimepita, baba yako aende akatie sahihi. Nikamwambia tumemzika Ijumaa. Akavua kofia. "Basi njoo wewe, mama." Nikamfukuza. Taa ya nini sasa?

~~Kibao kipasue kuni.~~ Usikipasue! Kifute vumbi taratibu, ile rangi baba yako aliipaka huku akikohoa. Alitaka wasafiri wa Ruangwa waione hoteli yetu gizani.

Karabai ya kibao ijaze mafuta. Nitamwomba radhi yule karani, kisha nitie sahihi mahali pa baba yako. Nikirudi tutundike kibao. Nitolee kiti nje, tuitazame taa ikiwaka.

Mama yako