Niliuliza Majina

Mjukuu wangu Furaha,

Huku mlimani Bibokoboko tuko wazima, na mama yako amepona kikohozi. Najua unacheka kuitwa mjukuu na msichana anayekupita miaka miwili tu. Lakini baba yako ni mtoto wa kaka yangu, basi vumilia.

Unauliza kwa nini siachi mafunzo ya utafiti wa afya kule mjini Baraka, nikiwa peke yangu kutoka mlimani. Siku moja mwalimu alisoma karatasi zetu za hesabu ya watoto waliokufa, akaona kwetu mlimani hakuna hata mmoja, akasema, “Kwenu batoto habakufake. Munakunywaka maziwa! Dispensari munaomba ni ya nini?” Wenzangu wakacheka.

Nilisimama. “Mulibauliza bamama hesabu. Kwetu ni mwiko mama kuhesabu batoto. Mi nitauliza majina.”

“Nenda basi, mama daktari!”

Nikapanda mlimani kwetu. Jirani yetu alinitajia majina saba ya watoto wake, kisha akarudia matatu kati ya hayo. “Hawa surua ilibabeba.” Nyumba zote zilikuwa na majina ya namna hiyo.

Sasa mwalimu ameagiza niyafute, ati majina si utafiti. Sifuti. Kesho nashuka Baraka, na nitayasoma mbele ya wote, kwa sauti, jina moja moja.

Nyanya yako asiye na mvi