Kijiguu cha Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Betri imekufa tena! Ya tatu tangu mwaka uanze. Taa yangu nyekundu, ile niliyoifunga juu ya cherehani ili iwake mteja akibonyeza swichi ya mlangoni, leo haikuwaka kabisa. Bibi harusi kasimama nje saa nzima, kitambaa kwapani. Kabonyeza, kagonga, kaita. Mimi ndani nashona kola, sina habari. Masikio yangu yalishastaafu kabla yangu.

Mtaa huu una midomo — jioni mwanangu alikuwa ameshajua. Kaniandikia ujumbe: Jumamosi anakuja, tuzungumze nifunge kazi nihamie kwake. Eti kama sisikii mlango, nitasikia nini? Mjuaji! Sihami.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Redio, jirani. Dawa ni soketi ya adapta, kasema. Umeme wa ukutani, betri basi. Akataka anifungie yeye, maana chuma cha lehemu si sindano. Nikamkumbusha kwamba hata vifungo vya shati alilovaa nimevishona mimi. Akajitazama kifuani, akaniuzia soketi na adapta, akaniazima chuma na mita ya kupimia umeme.

Maelekezo yake: volti tisa, sawasawa na betri. Chanya katikati, hasi pembeni. Nimeelewa. Ila soketi ina vijiguu vitatu, na nyaya zangu ni mbili. Sikumuuliza. Angecheka hadi kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelehemu! Kidole kimeungua, kitambaa cha meza kina tundu. Cha katikati ni chanya, hapo hakuna ubishi. Kwa hasi nikachagua kijiguu kilichokaa vizuri kati ya viwili vilivyobaki.

Nikapima kwa mita. Sifuri, maana yake njia iko wazi. Mita hulia pia, nasikia — yaani sisikii. Nikachomeka adapta, nikabonyeza swichi. Giza. Nikachomoa, nikapima: safi. Nikachomeka: giza. Mara kumi na moja!

Fundi Redio akachungulia dirishani akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia sijamsikia. Midomo yake nilikuwa nimeisoma vizuri sana.

Naogopa, lakini. Kwa mwanangu kuna chumba kizuri na kochi, na mimi juu ya kochi naulizwa kama nimekula. Hapa naitwa fundi.

Ijumaa, 8 Machi

Mjinga ni mimi! Nimechukua ile lenzi ya kutungia uzi, nikachungulia ndani ya soketi huku nasukuma plagi ya adapta polepole. Kumbe kuna ulimi mdogo wa bati. Plagi ikiingia, ulimi unasukumwa, na kile kijiguu nilichokichagua kinaachwa peke yake. Plagi ikitoka, unarudi kukigusa. Ndiyo maana mita ilikuwa inanisifu. Miaka thelathini napima gauni likiwa mwilini, halafu soketi naipima bila plagi!

Nimehamisha waya wa hasi kwenye kijiguu cha tatu. Imewaka! Fundi Redio kasema alijua tangu Jumanne, alitaka nigundue mwenyewe. Mwongo mkubwa. Nilimkumbatia hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu kafika saa nne asubuhi. Kabonyeza mara moja, nikafungua kabla hajatoa kidole. Hakuridhika. Katoka tena, kanikataza kuchungulia dirishani. Mara tatu, na mara tatu nimefungua. Maneno ya kumtania nilikuwa nimeyaandaa wiki nzima!

Akakaa kwenye stuli ya kupigia pasi. Midomo ikacheza kidogo, sikupata kitu. Nikamwambia, rudia, baba. Akarudia. Mkewe amerudi kwao, mwezi wa pili sasa. Hajamwambia mtu. Masikio yangu yalikuwa kisingizio tu. Alitaka mama awepo nyumbani.

Nimemshika kichwa kama zamani akiwa na homa. Utani wote umenikauka.

Sasa yuko jikoni ananawa uso. Naandika ili mikono iwe na kazi. Begi aliloliacha mlangoni nilidhani kaleta la kubebea vitu vyangu. Nimelisogeza kwa mguu — zito. Limejaa, mkono wa shati lake umechomoza kwenye zipu.

Taa inawaka. Mteja. Inawaka tena. Mwanangu ametokea jikoni, maji yanamdondoka kidevuni, anaonyesha mlango kwa kidole, ananiuliza afungue yeye —