Samaki wa Mkula na Viatu vya Kuazima

Mjomba,

Shikamoo. Sitasubiri uitikie, maana nimekuja na lawama, na nikizichelewesha zitaniishia kabla sijazisema.

Umenichosha. Masika yalipokuwa yanaisha ukafa, ukaniachia studio yako ya picha ya hapa Ifakara, pazia la maua ambalo kila bwana harusi wa bonde hili amesimama mbele yake, na kile kikamera kidogo cha kuzama majini ulichokinunua mtumba Morogoro. Ukaniachia na ahadi yako pia, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Miaka yote ulimsimulia mama yako kwamba utotoni ulipiga mbizi kwenye bwawa dogo la kijito pale Mkula, karibu na nyumbani kwake, ukaona samaki wenye mapezi mekundu kama pilipili iliyoiva. Bibi hajawahi kuingia kwenye maji yanayompita magoti. Ukamwahidi picha. Halafu ukaenda zako.

Matanga yalipokwisha Bibi aliniita chumbani. "Tekla, wananipeleka Malinyi kwa mama yako," akasema. "Siwezi tena kukaa hapa peke yangu, na macho yenyewe ndiyo haya yanafunga. Kabla sijaondoka nataka nione kama mwanangu alikuwa mwongo."

Nikasema sawa, Bibi. Safari ilipangwa iwe kabla ya mvua, na wewe unajua mvua zikianza kile kijito kinavyogeuka chai ya maziwa.

Basi kila Jumapili baada ya misa nikawa napanda gari kwenda Mkula. Navaa miwani ya kuzamia, nauma mrija wa kupumulia, nalala kifudifudi juu ya maji na kikamera mkononi. Wanawake wanaofulia pale chini walicheka mpaka kanga moja ikachukuliwa na maji. Na lawama wakanipa mimi.

Picha za kwanza zilitoka kijani tupu. Samaki, mawe, mguu wangu mwenyewe, vyote rangi ya mlenda. Bibi alizisogeza dirishani akazigeuza juu chini. "Hawa ni samaki au majani?"

Jumapili iliyofuata nikawasha taa ya kamera, nikidhani nyekundu inakosa mwanga tu. Taa ikamulika kila chembe ya tope iliyoelea kwenye maji, picha ikajaa madoa meupe kama mchele uliomwagika. Bibi akauliza kama huko chini kunanyesha mvua ya mawe.

Nikakumbuka ulivyonifundisha kuionyesha kamera kitu cheupe kwanza, ili ijue nyeupe ni ipi na rangi nyingine zikae mahali pake. Nikachukua ile sahani nyeupe ya bati ya Bibi, nikaipiga picha pale ukingoni juani, kama tunavyofanya studio na karatasi, kisha nikaingia majini. Mlenda tena! Ilinichukua Jumapili mbili kuelewa kwamba nyeupe ya nchi kavu si nyeupe ya majini. Sahani yenyewe ilitakiwa izamishwe, kamera ijifunzie kule kule chini. Nikaizamisha, nikaikandamiza kwa jiwe. Mchanga ukarudi kuwa mchanga. Lakini samaki wakabaki wamepauka kama wamepakwa majivu, na sahani ikabanduka rangi pembeni. Bibi hajanisamehe mpaka leo.

Siku hiyo nilikutukana, Mjomba. Nilikutukana ndani ya mrija, ambako hakuna anayesikia. Na nikaanza kuamini kwamba kweli ulimdanganya mama yako, na kwamba mimi ndiye nitakayempelekea ushahidi. Nililia ndani ya miwani. Usijaribu, maji hayana pa kutokea.

Kilichoniokoa ni uzembe. Kwenye picha moja kidole changu kiliingia pembeni mwa kioo cha kamera, kimezuia nusu ya mawe. Nilikuwa nimepaka kucha rangi nyekundu kwa ajili ya harusi ya jirani. Samaki walio kule mbali wamepauka, lakini ukucha wangu, hapa karibu, ni mwekundu kuliko hata rangi ilivyokuwa kwenye chupa.

Nikakaa juu ya jiwe nikiwa nimelowa. Maji yaliyo kati yangu na samaki ndiyo yanayokula nyekundu! Dawa ni kusogea. Na mimi kwa nini nilikuwa mbali muda wote huo? Kwa sababu yako.

"Rudi nyuma, Tekla! Viatu! Viatu!" Miaka saba umenipigia kelele hizo. Unamkumbuka yule mama wa Kivukoni aliyeazima viatu kwa shemeji yake, nami nikavikata kwenye picha? Alisema hiyo si picha, ni pasipoti, na ukanituma hadi kwake nikampige upya na viatu vyote viwili. Tangu hapo miguu yangu inarudi nyuma yenyewe. Hata kwa samaki, Mjomba. Samaki hana viatu!

Jumapili iliyopita niliingia saa sita mchana, jua mgongoni. Sikuwafukuza. Nilishika jiwe nikatulia mpaka tope likatua, wakaanza kuja wenyewe. Mmoja akaja kuchungulia kioo, kati yetu haikufika hata shubiri moja. Nikabonyeza.

Bibi aliishika ile picha karibu kabisa na jicho lake la kulia. Kisha akauliza, "Mkia wake uko wapi?"

Nilitaka kupasuka. Nikamwambia, Bibi, nimesogea mno, umekatika, lakini tazama mapezi. Akayapapasa kwa kidole. "Mekundu," akasema. "Kumbe hakunidanganya." Akaiweka chini ya mto wake.

Nami nikatoka nje, maana nilikumbuka picha tuliyoweka juu ya jeneza lako. Niliipiga mimi. Umesimama mlangoni mwa studio, mwili mzima, viatu vinang'aa. Walipokata sura na kuikuza, macho yako yakawa madoa mawili. Bibi aliuliza huyu ni nani, watu wakasema masikini, macho yamemwisha. Kosa halikuwa la macho yake, lilikuwa la picha yangu. Nimezipekua zote. Sina picha yako hata moja ambayo nilikusogelea.

Kwa hiyo lala, Mjomba, mama yako anajua ulisema kweli. Kesho asubuhi, kabla ya gari la Malinyi, nitamkalisha karibu na dirisha nimpige. Ameazima viatu kwa jirani, vyeusi vya kisigino, anavifuta tangu jana. Nakuahidi nitasogea mpaka nihesabu makunyanzi yake. Viatu havitaonekana, na mtagombana na mimi nyote wawili.

Mpwa wako,
Tekla