Lala Tu, Mke Wangu

Jumatano. Ukungu wa Julai haujainuka tangu asubuhi, na hapa saiba, kwenye duka la intaneti, vioo vimelowa kwa ndani kana kwamba kuna mtu amevipumulia. Nimevaa sweta ya mume wangu. Mume wangu! Nikiliandika neno hilo bado natabasamu peke yangu, hadi mama wa kompyuta ya pembeni amenigeukia.

Kesho naingia hospitali kubadilishiwa nyonga. Daktari wa nusukaputi alitaka jibu moja kutoka kwangu: nilazwe usingizi kabisa, au nichomwe sindano ya mgongo nibaki macho. Juzi jibu lilikuwepo. Leo ni lingine, na naandika sababu yake hapa kwa sababu nikimweleza mtu ana kwa ana atanicheka.

Nianze na Barasa wangu, maana bila yeye sina cha kuandika.

Barasa ni seremala, banda lake liko hapa Kangemi kando ya barabara kubwa. Alinipenda kabla hajaniona uso. Nyonga yangu ya kushoto ilizaliwa imetoka mahali pake, na miaka imeisaga hadi daktari wa mifupa akasema hakuna cha kurekebisha tena, ni kuweka mpya. Mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unafagia. Kanyaga, fagia. Shuleni waliniimbia hatua hiyo nikalia. Barasa yeye alikuwa akiisikia ikipita nje ya banda jioni, anaacha kupiga randa ili aisikie vizuri. Siku ya harusi alimwomba mpiga kinanda apunguze mwendo, ili wimbo uchechemee pamoja nami hadi madhabahuni.

Nani mwingine duniani amependwa kwa mguu wake mbovu?

Jumatatu tulikwenda kliniki mjini. Daktari wa nusukaputi ni mama mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akatueleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba viwili vya kulala.

"Ukichomwa mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini hutahisi uchungu. Damu haipotei nyingi, na kichefuchefu hakisumbui sana. Lakini masikio hayalali, mama. Utasikia msumeno. Utasikia nyundo."

"Na nikilala?"

"Ukilala hutajua lolote. Tukimaliza tunakuita jina lako, unaitika, umerudi."

Akasema moyo wangu ni mzima, njia zote mbili zinanifaa, nichague mwenyewe. Mimi nikamgeukia Barasa. Nilitaka kuwa mke ambaye mumewe humchagulia. Ilinijia kama jambo tamu, kama kumkabidhi funguo za nyumba. Nikamwambia, "Chagua wewe."

Hakusita. Alinishika mkono mbele ya daktari akasema, "Lala tu, mke wangu. Mimi niko hapa nje."

Nilitoka pale nikielea.

Sasa nije kwa Guka, babu yangu mzaa baba, anayeishi Waithaka. Macho yake yamefunikwa na ukungu, anaona mwanga na kivuli tu. Mimi ndiye binti wa kwanza wa mwanawe, kwa hiyo kwa desturi yetu nilipewa jina la mkewe, Wanjeri. Na kwa kuwa nina jina lake, Guka huniita mke wangu. Ni mzaha wa nyumba nyingi za kwetu. Barasa alipokuja kujitambulisha, Guka alimwambia, "Kwa hivyo wewe ndiye mwizi," na hadi leo hamwiti kwa jina lingine.

Cucu, yaani nyanya yangu, sikumkuta. Naye alikuwa na nyonga ya kushoto mbovu. Alianguka shambani, ikavunjika, akapelekwa kupasuliwa, akalazwa usingizi, na hakuamka. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Nilipoanza kutembea, wanasema Guka alikuwa ameketi na kikombe cha chai. Akanisikia nikivuka sakafu, kikombe kikamponyoka.

Kanyaga, fagia.

Kwa hiyo mimi nikifika Waithaka sihitaji kubisha. Guka hunisikia verandani na kusema, "Umefika, mke wangu," kabla sijagusa mlango.

Jana tulikwenda kumuaga. Njia ilikuwa tope, na nilipofika langoni nyonga ilikataa kabisa. Nikaketi juu ya jiwe, nikamwambia Barasa atangulie na mkate na sukari, kisha arudi kunichukua. Akazunguka, akaingia kwa mlango wa jikoni. Nilibaki nikiutazama mlango wa mbele, umefungwa, na veranda ya saruji mbele yake ikiwa tupu na yenye unyevu.

Baada ya muda mfupi mlango huo ukafunguka. Barasa alisimama pale na tabasamu lake lote, lile analonipa mimi peke yangu. Alikuwa akitabasamu kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Kisha akainua macho akaniona langoni, bado nimeketi juu ya jiwe. Tabasamu likateremka polepole. Akaitazama saruji, kushoto na kulia. Halafu akaja mbio, akanibeba mgongoni. Kifua kilikuwa kikimdunda hadi nikakisikia kwenye magoti yangu.

Tulipoingia Guka aligeuza uso.

"Mwizi, umembeba nani?"

"Ni Wanjeri, Guka. Mguu umemkataa."

Guka akacheka. "Wanjeri gani? Mke wangu amekwisha ingia. Si tumemsikia sote wawili, ukaenda kumfungulia?"

Alikuwa amevuta kiti kingine karibu na jiko. Nilikaa hapo kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, na nilikaa ukingoni tu.

Nilimpa mkono. Akaupapasa, akaigusa pete yangu. Nikamweleza habari za kesho, kwamba nitalala nisijue lolote, na nikiamka nitakuwa na mguu mpya. Nilidhani atanibariki.

"Unalala tena?" aliuliza. Hakuuliza kama mtu anayetania. "Nani amekwambia ulale?"

"Mimi, Guka," Barasa akajibu.

"Hata mimi nilimwambia. Daktari aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mume. Nikamshika mkono, nikamwambia, lala tu, mke wangu. Mimi niko hapa nje." Guka akageuza uso wake kuelekea mlangoni. "Niko hapa nje mpaka leo."

Maji yalikuwa yakichemka kwenye sufuria na hakuna aliyenyanyuka kuyaondoa.

Shajara, Barasa si mtu wa mambo hayo. Akisikia hadithi za mizimu huuliza kama ina kazi ya kufanya. Lakini tuliporudi nyumbani aliketi kitandani na viatu vya tope miguuni, akasema, "Hiyo hatua naijua kuliko jina langu. Nilisikia ikipanda veranda. Ilikuwa wewe, babe. Naapa ilikuwa wewe." Kisha akaniomba nitembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikatembea. Akafumba macho, akatikisa kichwa, akasema ni ile ile.

Sikulala vizuri. Sikuwa nikiogopa kufa, sijui nielezeje. Nilikuwa nikiwaza maneno ya daktari: tunakuita jina lako, unaitika, umerudi. Na nikajiuliza, huko chini ambako watu hupelekwa wakilazwa, wakiita Wanjeri, tutasikia wangapi? Na nani ataitika kwanza? Cucu ameningoja miaka yote ya maisha yangu, na mumewe bado yuko hapa nje.

Asubuhi nilimwambia Barasa kwamba nachagua mwenyewe. Sindano ya mgongo. Nitabaki macho.

Nilidhani atanuna. Akasema tu, "Utaisikia nyundo, Wanjeri." Nikamwambia nimeolewa na nyundo. Nikamwambia pia lile lililo kweli zaidi: likitokea lolote sitaki yeye azeeke kwenye kiti, akitazama mlango kwa sababu ya sentensi moja aliyoisema kwa mapenzi. Basi akalia, na mimi nikalia, na uji ukaungua.

Kisha akanipeleka bandani. Akaniketisha juu ya rundo la mbao, akaniambia nifumbe macho. Akapiga msumeno. Akapiga patasi kwa nyundo ya mti, polepole, kisha kwa nguvu. Kila sauti akanitajia ni ya nini, ili kesho zisiwe ngeni. Kulikuwa na harufu ya mbao mbichi za mvinje na gundi. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ya harusi.

Halafu akaacha kupiga ghafla, kama alivyokuwa akiacha zamani jioni.

Nilifumbua macho. Alikuwa ametega sikio kuelekea nje, nyundo ikiwa mkononi. Mimi nilikuwa nimeketi, miguu yote miwili juu ya vumbi la mbao.

Nimempigia daktari simu mchana. Amekubali. Ameongeza jambo moja, kwa upole ule ule: mara chache ganzi hukosa kushika, na hapo hulazimika kumlaza mtu usingizi.

Najua nyonga mpya itaninyang'anya hatua yangu. Nikipona nitatembea kama watu wengine, na Guka hatanisikia nikifika. Ile itakayosikika verandani Waithaka haitakuwa yangu tena. Labda haikuwa yangu tangu mwanzo. Labda niliazimwa na Cucu, na sasa mwenyewe amekuja kuichukua, na hakuna ubaya. Achukue hatua yake. Amchukue na mumewe, siku yao ikifika, maana amemngoja vya kutosha.

Wangu simwachii.

Kesho, macho au usingizini, mtu yeyote akiita Wanjeri, mimi ndiye nitakayeitika kwanza.