Ubeti Usiokuwa Kwenye Kanda

Mjukuu wangu Mwakio,

Salamu kutoka Voi. Mama yako hajambo. Mimi, tangu tumzike nyanya yako, naamka tu.

Umeuliza uchague priampu gani ya valvu ya kuinua sauti kabla haijafika kwenye amplifaya yako ya transista, ili tumsikie kwenye kanda ya kwaya. Nguvu tayari unayo. Chukua isiyovuma, maana sauti yake ilikuwa ndogo.

Mashine yetu ya kurekodia kule Mghange pia ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo zisizofanya kazi hadi zipate moto. Asubuhi ya kurekodi kulikuwa na ukungu, ikachelewa kupata moto. Mwalimu wa kwaya akanung'unika.

"Iache, mwalimu, hata sisi tuna baridi!" nyanya yako akamwambia.

Tukaanza kuimba bila kuingoja, akiwa amenishika mkono. Ndiyo maana kanda inaanzia ubeti wa pili. Ule wa kwanza, hakuna priampu itakayoutoa.

Babu yako