Lori la Bi Taratibu

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila goti la mama limegeuka mtabiri wa mvua. Bado anakuulizia kila tukikaa kula.

Unakumbuka alivyokuwa akianika nguo zetu juu ya mchanga wa mto, nasi tunajificha majini uchi mpaka zikauke? Mashati yako yalipokubana niliyarithi mimi, na yalinuka jua. Mchanga ule haupo tena. Malori yameuzoa wote, nguzo za daraja zimebaki nje kama meno ya mzee, na visima vinakauka.

Tangu niteuliwe mkuu wa wilaya nimepiga marufuku uchimbaji huo. Wenye malori wananiita Bwana Mchanga. Jana tulikamata lori limeandikwa mlangoni "Bi Taratibu", jina la utani ulilompa mama. Dereva akasema, "Mheshimiwa, mwenye gari yuko mbali, humjui." Nikamjibu kwamba namjua, nimevaa mashati yake.

Mama sijamwambia. Lori sitaliachia. Njoo ujibu mwenyewe, ila kabla ya ofisini tupite mtoni, unionyeshe mama angeanika wapi.

Mdogo wako,
mrithi wa mashati