Kuanguka kwa Heshima

Lubumbashi, commune ya Kenya, tarehe 11 mwezi wa tatu 2024

Mutoto wangu Bénie,

Jambo mingi. Afya iko namna gani kule Kambove? Sie huku tuko muzuri. Mama yako anakusalimia, anauliza kama unakulaka.

Kangwa, chauffeur mwenye kuleta hii barua, aliniambia ulifungua club ya mapigano ya bamama mu uwanja ya masomo kwenye unafundishaka. Nilifurahi kabisa. Kung fu nilijifunza ku Muchina wa mine ya shaba, silat, mapigano ya kwabo, ku musoda wa ONU wa Indonésie pale Kalemie, na mu batoto wangu bote weye peke yako njo ulishika yote mbili. Bale bamama banaoshaka mawe ya madini, kisha banarudia ku njia ya pori kwenye kuko bezi na bisu. Bafundishe vile nilikufundisha: shika mukono ya kisu, geuza inje, kanyaga nyuma ya goti, muntu iko chini. Uliona Mulenga, mwanafunzi wangu, vile anaangukaka, na kilo zake mia moja. Na salut, kuinama kwa heshima, mbele ya yote. Bila heshima hii kazi iko muchezo tu.

Baba yako, Maître Adalbert


Kambove, tarehe 9 mwezi wa ine 2024

Papa yangu mupendwa,

Nakusalimia sana, weye na mama. Mie niko muzima, na ninakula.

Bamama biko kumi na ine sasa. Banakuja na nguo ya kazi, matope bado juu. Lakini moja, Mama Régine, ananichokesha. Nikigeuza mukono yake, haangukake. Anabaki pale ananiangalia. Aliniuliza mbele ya bote: "Mwalimu, na kama mwizi anakatala kuanguka?" Benzake balicheka, nami nilicheka. Nifanye nini na yeye?

Mutoto wako, Bénie


Lubumbashi, tarehe 28 mwezi wa ine 2024

Mutoto wangu,

Jambo. Tuko bazima, Mungu asifiwe.

Ule mama haiko na discipline, njo mambo yote. Mie nafundisha miaka makumi mbili na tatu, hakuna mwanafunzi alikatala kuanguka mbele yangu. Mwenye haangukake haheshimu mafundisho. Umufundishe kuanguka kwanza, wiki tatu, kuanguka tu. Kisha utaona technique itaingia. Na umuambie, siku kisu itakuja, asirudi nyuma.

Baba yako, Maître Adalbert


Kambove, tarehe 19 mwezi wa kenda 2024

Papa,

Nakusalimia, weye na mama. Afya yangu iko. Nilikawia kuandika juu sikutaka kuandika na kasirani. Kasirani bado iko.

Mama Régine alijifunza kuanguka vile ulisema. Alianguka muzuri kupita bote, nikamupatia mukaba ya njano. Tarehe sita, akitoka kuosha mawe, mwanaume alimusimamisha na kisu, anataka sakoshi yake ya feza. Mwaka jana ilimufikia vile vile: aliachilia sakoshi, akakimbia, akafika nyumbani muzima. Hii mara alisimama. Alishika mukono, akageuza inje, akakanyaga. Ule mwanaume hakuanguka. Alivuta kisu yake tu, ikapita mu mikono ya Régine.

Docteur alishona, lakini bidole ine habifungi tena. Haoshe mawe. Dada yake njo anamukulisha. Nilienda kumuona, akaniuliza: "Mwalimu, nilikosa wapi?" Nilitoka, na haya ilinikula mpaka nyumbani.

Sasa nakuuliza weye. Mulenga anaangukaka kwa sababu ya technique, ao kwa sababu ya weye? Bale kumi na tatu banabaki banakuja kila siku ya ine ya juma, na kila moja anawaza atasimama mbele ya kisu. Niambie kweli, nijue cha kubaambia.

Bénie


Lubumbashi, tarehe 27 mwezi wa kenda 2024

Bénie,

Jambo. Sie tuko.

Nasikitikia ule mama, tulimuombea mu misa. Lakini kiwiko yake ilikuwa juu sana, najua bila kuona. Kiwiko ikikuwa juu, technique haiingie. Rekebisha kiwiko. Na usiniandikie tena bintu ya vile, barua inapitaka mu mikono ya bantu. Mwezi wa kumi na moja tuko na démonstration, kuonyesha mapigano mbele ya bantu. Bakubwa ba ligue ya kung fu batakuja, na bamama ba parokia banataka kuanza.

Baba yako, Maître Adalbert


Kambove, tarehe 14 mwezi wa kumi 2024

Papa,

Salamu kwa mama. Juma iliyopita nilikuja Lubumbashi, sikupita ku nyumba. Unisamehe kwa ile, kwa yenye naandika hapa hapana.

Nilienda mutaa ya Bel-Air, kwenye Mulenga anachungaka mulango ya tajiri. Nilimuuliza sababu gani anaangukaka. Alicheka, alizania namutania. Asema: "Dada Bénie, Maître akikushika, unaanguka. Jean-Claude, mukubwa wetu mu club, alituambia siku ya kwanza. Unataka muzee apate haya mbele ya bantu?" Alinielezea tena: siku moja bezi balikuja kule na kisu. Mulenga alikimbia, akapiga filimbi. Hakugeuza mukono ya muntu.

Tulikuheshimu mpaka ukasahau, Papa. Na mie nilisahau pamoja na weye.

Bamama niliambia: achilia sakoshi, piga kelele, kimbia. Mukaba nilivua mbele yabo. Mama Régine alikuwa pale.

Nakuomba jambo moja kama mutoto wako. Siku ya démonstration, mbele ya bale bamama ba parokia, ambia Mulenga asianguke. Baone, kisha ubaambie. Ukifanya, uniandikie.

Bénie


Lubumbashi, tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2024

Mutoto wangu,

Jambo. Mama yako alikuwa na malaria, sasa anaendelea muzuri. Anauliza utakuja lini.

Nilifanya vile uliomba. Bamama balikaa mustari ya mbele. Nilisema mu sikio ya Mulenga: leo usianguke. Alizania hakusikia muzuri, nikamurudilia. Nilishika mukono yake, nikageuza. Hakuanguka. Nilikanyaga nyuma ya goti. Alisimama tu. Nilivuta na nguvu yote ya mwili wangu, na mu salle yote nilisikia pumzi yangu tu. Mulenga aliniangalia, macho yake ilijaa machozi. Kisha alianguka.

Balipiga makofi mingi. Bakubwa ba ligue balisimama. Nilijua pale njo pa kusema. Nilifungua kinywa, kisha nikafanya salut.

Siku ya ine bamama kumi na saba balikuja kujiandikisha. Nilibapokea. Tulianza na fundisho ya kisu.

Baba yako